Samweli: aliyeombwa, kisha akaazimwa

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili tusome 1 Samweli 1:9–28, na ikiwezekana tusome kwa sauti, maana jambo lenyewe ni la masikio.

Ukiuliza maana ya Samweli, wengi watakujibu: "Mungu amesikia." Jibu hilo ni la Ishmaeli. Kusikia kwa Kiebrania ni shama, na herufi yake ya mwisho ni ayini, ile sauti ya kooni anayoijua kila aliyesoma Kiarabu. Ayini imo katika Ishmaeli (Mwanzo 16:11) na Simeoni (Mwanzo 29:33). Katika Shemueli, ndiyo Samweli kwa Kiebrania, haimo. Kilichomo ni shemu, yaani jina, na eli, yaani Mungu: "jina la Mungu", au "jina lake ni Mungu". Sisi tunakosea kwa sababu Biblia zetu haziandiki ayini, na majina ya mbali yakaonekana ndugu.

Hana, mama yake Samweli, hasemi lolote kati ya hayo. Anasema, "Kwa kuwa nimemwomba kwa BWANA" (1:20). Kitenzi chake ni shaali, kuomba au kuuliza. Kwa kitenzi hicho mtoto angefaa kuitwa Shauli, "aliyeombwa", ndiye mfalme Sauli wetu. Si ajabu sana: Agano la Kale hueleza jina kwa mlio kuliko kwa kamusi. Andika Shemueli kwa Kiebrania upate herufi 5: shini, memu, vavu, alefu, lamedi. Ondoa memu, sogeza alefu mbele ya vavu, na Sauli huyu hapa.

Wapo wataalamu wanaodhani habari hii ilikuwa ya kuzaliwa kwa Sauli, ikahamishiwa kwa Samweli. Sisi tunaona mwandishi anajua anachofanya. Chukua penseli upigie mstari neno hilo la shaali: mstari wa 17 mara 2, wa 20 mara 1, wa 27 mara 2, wa 28 mara 2. Mara 7 katika sura moja. (Katika mstari wa 27 Kiswahili chetu kinaficha kitu: Hana anatumia vitenzi viwili, kusali na kuomba, nasi tunavyo vyote ndani ya "omba".)

Mstari wa 28 ndio wa kukaa nao. Pale shaali inanyambuliwa kuwa "kumfanya mtu apewe alichoomba", yaani kuazima. Kiswahili kinaielewa hali hii vizuri, maana neno letu nalo huenda pande mbili: jirani husema "niazime ungo", na kesho yake husema "ungo huu nimeuazima". Hana aliomba mtoto kwa BWANA. Sasa anamwazima BWANA mtoto yule yule, siku zote za maisha yake. Kuelekea mwisho wa sentensi kuna maneno hu shauli, "yeye ameazimwa". Maneno hayo hayo analia mwana wa manabii shoka linapozama Yordani (2 Wafalme 6:5): kile chuma hakikuwa chake.

Wala Hana hakutoa akasahau. Kila mwaka alishona joho dogo akampelekea Shilo, kwenye nyumba ya BWANA alikomwacha (2:19), na joho la mtoto anayekua halitoshi mwaka wa pili, hivyo alikuwa akikisia kimo cha mwana asiyelala nyumbani kwake. Mstari unaofuata, kuhani Eli anamwombea uzao mwingine, na neno lake ni lile lile la shaali.

Sasa endelea mbele. Katika 8:10 watu wanamwomba Samweli mfalme: shaali. Katika 12:13 Samweli anawaonyesha mfalme waliyemwomba: shaali tena, na mfalme mwenyewe anaitwa Shauli. Wameombwa wawili. Mmoja aliombwa kwa machozi, akarudishwa kwa Mwenyewe kabla hajakua. Mwingine aliombwa ili taifa lifanane na mataifa mengine.

Ukifika 28:6, Kiebrania kinakuwa kikali: vayishali Shauli, "Aliyeombwa akaomba", naye BWANA hakumjibu, si kwa ndoto, si kwa Urimu (kura takatifu ya makuhani), si kwa manabii. Akaenda Endori usiku kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, akaletewa Samweli aliyekwisha kufa. Na Samweli, mtoto wa maombi yale 7, anamjibu kwa kitenzi cha mama yake: mbona unaniuliza mimi? (28:16).