Mbege, kiwanda na asilimia 51

Moshi, Jumamosi usiku

Leo nimekaa na vijana wangu wa kidato cha sita tukikokotoa uchumi wa atomi, yaani sehemu ya uzito wa vianzio inayoishia kwenye zao unalolitaka. Kanuni ni fupi: sawazisha mlinganyo, chukua uzito wa molekuli wa zao unalolitaka, gawanya kwa jumla ya uzito wa vianzio vyote, zidisha kwa 100.

Nikawapa mfano wa mbege, pombe yetu ya ndizi, maana huku nani asiyeijua? Sukari ya ndizi na ya kimea cha ulezi inapochachuka, glukosi moja, C₆H₁₂O₆, yenye uzito wa 180, huvunjika kuwa ethanoli 2 za 46 kila moja na kabonidayoksaidi 2 za 44. Basi 92 kwa 180, asilimia 51.1. Darasa likanyamaza. Yaani hata chachu ikila sukari yote, isibaki hata chembe, karibu nusu ya uzito inakwenda na mapovu.

Hapo ndipo ninapolipenda wazo hili la mkemia Barry Trost wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliloliandika mwaka 1991. Asilimia ya mavuno, yaani zao ulilopata ukililinganisha na lile ulilotarajia, hupima kazi iliyokwisha kufanyika. Hii huipima njia yenyewe, ungali na kalamu mkononi, hujawasha hata jiko. Dawa ya ibuprofeni ilitengenezwa miaka mingi kwa hatua 6 zenye uchumi wa takriban asilimia 40. Ikapatikana njia ya hatua 3, asilimia 77. Tani kwa tani za taka zikaepukwa.

Kisha nikaandika njia ya viwandani: ethini, C₂H₄, na maji hutoa ethanoli peke yake. Asilimia 100. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo kiwanda kimemshinda bibi?"

Swali zuri mno. Ethini hutoka kwenye mafuta ghafi na gesi asilia, ilhali mgomba huchipua tena, na kabonidayoksaidi ya mbege mgomba uliivuta kutoka hewani. Asilimia haioni hayo. Tena ukiikinga gesi hiyo ukaitia kwenye soda, nayo inakuwa zao, na hesabu inabadilika. Ndiyo maana nawataka waandike kwanza wanachokiita zao, kisha ndipo wagawanye.

Wiki ijayo ni zamu ya chokaa. Jiwe la chokaa, CaCO₃, la 100 linatoa chokaa, CaO, ya 56. Ile 44 ni kabonidayoksaidi iliyokuwa ndani ya jiwe. Nitawauliza kama wataihesabu sawa na ile ya mbege.