Siku moja kwenye maabara ya mpira, Vingunguti

Saa 1 asubuhi niko kwenye mizani. Kila kilo ya mpira asilia inapewa gramu 450 za masizi ya kaboni, gramu 50 za oksidi ya zinki, gramu 20 za asidi ya steariki. Salfa, gramu 25, inakaa kwenye mfuko wake na kuingia mwisho kabisa, roli za mashine ya kukandia zikiwa zimepoa. Ukiitanguliza, mpira unaanza kuiva humo humo kwenye mashine, na ukishaiva haurudi tena.

Saa 2 mzee wa roli anaukanda mpira mtupu mpaka ulainike na kuizunguka roli ya mbele. Masizi yanafuata kidogo kidogo. Anakata kwa kisu, anakunja, anarudisha. "Bado haujala masizi, mwanangu," ananiambia. Nakata kipande na kukiinamisha kwenye mwanga: vinundu vinaonekana kwenye mkato. Kila kinundu ni mahali ufa utakapoanzia, kwa hiyo tunaendelea kukanda. Chembe za masizi haya, daraja la N330, zina upana wa takriban nanomita 30. Kwa udogo huo mpira unapata eneo kubwa la kung'ang'ania. Chaki ya kusaga, ambayo wengine huweka badala ya masizi, ina chembe kubwa mara nyingi zaidi. Inajaza nafasi tu.

Saa 5 anaingia kijana wa duka la vipuri Gerezani na bushi ya raba ya gari aliyoipata kwingine kwa nusu ya bei yetu. "Dada, ugumu ni uleule, pima mwenyewe." Napima. Kweli, 65 kwenye Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira, sawa na yetu, na nyeusi vilevile.

Nakata vipande viwili, navipima uzito, naviingiza kwenye tanuru nyuzi 550. Humo mpira na masizi vyote vinaungua. Chetu kinabakiza majivu kiduchu, mengi yakiwa zinki. Chake kinaacha unga mweupe, karibu nusu ya uzito wake. Nadondosha asidi juu ya unga ule: unachemka povu. Chaki.

Saa 8 tunakwenda kwenye mashine ya kuvuta. Jana nilipika karatasi mbili za mpira, nikaziacha zitulie usiku kucha. Kabla ya saa 16 kupita majibu hayaaminiki. Moja ina sehemu 45 za masizi kwa kila 100 za mpira. Nyingine ina sehemu 150 za chaki na masizi kidogo ya kuleta weusi. Ugumu wa zote mbili ni mmoja. Ya chaki inakatika mapema, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya masizi. Kijana anaivuta tena kwa mikono, kimya.

Sidharau chaki. Kwa zulia la gari inatosha, na bei inashuka. Lakini bushi inapindwa na kugongwa kila shimo la barabara, na ndani ya gari wamo abiria. Sindano ya kupimia ugumu haimwambii mnunuzi lolote kuhusu kuchanika.

Saa 10 anaagiza za kwetu, ila anazitaka laini kidogo, 60. Mafuta yangelainisha, lakini yanakula nguvu. Napunguza masizi: kwa kawaida sehemu 2 ni kama digrii 1 ya ugumu. Naandika fomula ya kesho, masizi gramu 350.