Siku moja gereji: kuifukuzia taa ya injini inayowaka na kuzima

Saa 12:40 asubuhi

Gari linalosumbua kuwaka asubuhi lilale gereji. Injini iliyopoa kabisa inapatikana mara moja tu kwa siku. Mteja akilileta saa 4 baada ya foleni ya kutoka Mbagala, ushahidi umebaki barabarani.

Leo ni Toyota IST, injini 1NZ, inayopigwa stata sekunde nane ndipo iwake. Geji ya presha ya mafuta ilifungwa tangu jana. Injini ikinguruma ilisoma psi 46, na kiwango chake ni 44 hadi 50, kwa hiyo hapo sawa. Baada ya kuzima, dakika tano zikipita presha isishuke chini ya 21. Ilikuwa 9.

Presha inakimbia, lakini inakimbilia wapi? Nafungua plagi kabla ya kupiga stata. Zikiwa zimelowa petroli, nozeli (zinazopulizia petroli kwenye injini) zinavuja, na gari la namna hiyo huwaka kwa moshi mweusi. Hizi ni kavu, maana yake mafuta yanarudi tangini usiku. Ama valvu ndani ya pampu haishiki, ama regyuleta ya presha iliyo pale pale tangini. Betri napima hata kama naamini ni pampu: volti 12.5 ikiwa imetulia, 10.4 stata ikizunguka. Ingeshuka chini ya 9.6 ningeanza na betri na vichwa vyake.

Saa 2:30

Corolla AE110, injini 5A. Taa huwaka ikiruka shimo, huzima ikifika lami. Asubuhi haitaki kuwaka, mchana haina neno. Mwenyewe ameshabadilishiwa plagi, nozeli zimeoshwa, na pampu ni mpya.

Gari hili halihitaji mashine ya kusoma makosa. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya mfupi, kisha washa swichi bila kupiga stata. Soma herufi za kwenye mfuniko mara mbili, kwa sababu tundu la +B nalo limo humo na lina umeme wa betri. Taa ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Hii imepepesa mara mbili, ikatulia, mara mbili tena: 22, sensa ya joto la maji.

Mafundi wengi hapa hukimbilia dukani. Mimi nachukua mita. Sensa inasoma kiloohm 1.8 na injini iko nyuzi 28 hivi, ndivyo inavyotakiwa. Kwa nyuzi 20 ingekuwa kati ya 2 na 3, na kwa 80 ingeshuka hadi 0.2 au 0.4. Sensa ni nzima. Narudisha soketi, napima kutoka upande wa kontroli boksi (kompyuta ya injini) huku natikisa waya: namba inaruka, mara 1.8, mara mita inaonyesha waya umekatika. Ndani ya soketi pini moja ina kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya Dar.

Na kwa nini asubuhi tu? Waya ukikatika, kontroli boksi ya Toyota hujifanya maji yana nyuzi 80, ili gari lisikwame. Mchana makisio hayo ni karibu na kweli, hakuna anayehisi kitu. Asubuhi injini ya baridi inapimiwa petroli ya injini ya moto, na stata inazunguka bure. Taa na ugumu wa kuwaka ni ugonjwa mmoja. Nabadilisha pini mbili, nabana vizuri, natoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika kufuta kosa, natikisa tena. Namba imetulia.

Saa 5:15

Nissan X-Trail T30, injini QR20. Huzima kwenye foleni, husubiri dakika ishirini, kisha huwaka kama hakikutokea kitu. Mashine inaonyesha P0335, sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini. Kabla sijagusa kitufe cha kufuta, nafungua kumbukumbu ya hali ya gari kosa lilipotokea: joto 97, spidi sifuri. Ukifuta kwanza, hiyo nayo inakwenda, na ndiyo inayokuambia pa kuanzia.

(Vile vidude vya Bluetooth vya bei poa vinasaidia, ila visikudanganye. Marekani iliweka OBD2, lugha ya pamoja ya kusoma makosa ya gari, kuwa lazima kwa magari ya 1996 kuendelea. Gari lililotengenezwa kuuzwa Japani linaweza kuwa na soketi ile ile ya matundu 16 na bado lisiongee lugha hiyo.)

Naliacha lingurume boneti imefungwa. Dakika 35, linazima. Napiga stata huku naangalia mzunguko kwenye mashine: injini inazunguka, mashine inasema 0. Kontroli boksi haioni kranki. Namwagia sensa maji taratibu, linawaka. Sensa hii ni ya waya tatu, kwa hiyo kuipima ohm hakukupi jibu. Muhimu ni umeme unaoingia na ethi (hasi), na vyote vipo. Inatoka kwa bolti moja ya spana namba 10. Nanunua ya asili, hata ikibidi iliyotumika, kuliko kopi mpya ambayo itarudi hapa baada ya mwezi.

Saa 8:30 mchana

Spacio. Ukipiga stata inasema "ta" mara moja, kimya. Jaribu mara ya kumi, inazunguka. Kwanza naweka gia N badala ya P, kuondoa swichi ya gia kwenye orodha. Halafu volti huku stata ikipigwa: kati ya hasi ya betri na bloku ya injini isizidi 0.2, upande wa chanya isizidi 0.5. Zote nzuri. Basi ni zile shaba mbili ndani ya solenoidi (swichi ya umeme) ya stata, zimelika upande mmoja. Zinauzwa peke yake Kariakoo. Stata nzima haina haja.

Saa 10:00

IST nyingine, inamisi (silinda moja haichomi vizuri), taa inapepesa. Taa ya kupepesa usiendeshe nayo mbali: petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya katalisti ndani ya ekzosi na kuyachoma. Kodi ya kosa ni P0303. Nahamisha koili ya silinda 3 kwenda 1, nafuta, naendesha. Inarudi P0301, koili imejisema. Kisima cha plagi kina oili, kwa hiyo sili za kava ya valvu nazo zinabadilishwa, la sivyo koili mpya itaogelea humo humo.

Saa 12:10 jioni

Mwenye X-Trail anauliza, "Fundi, taa isipowaka ndiyo imepona?" Bado, bosi. Makosa mengi ya OBD2 huwasha taa yakijirudia safari ya pili. Safari tatu safi, taa huzima yenyewe, lakini kodi hubaki hadi injini ipate moto na kupoa mara 40 hivi. Aendeshe siku nne, kwenye foleni na jua, betri isichomolewe, kisha aje tusome tena.

Kuna Vitz imeletwa jioni, haiwaki asubuhi. Nafunga geji na kuandika psi 45 kwenye karatasi juu ya dashibodi.