Ua ndani ya ua: mwaka wangu na bustani moja ya Kent

Picha ndiyo iliyonipeleka. Niliiona kwenye kalenda ya ukutani: fremu ya chuma yenye umbo la kibanda, imefunikwa na waridi jeupe mpaka chuma hakionekani, na chini yake kivuli kinachomwita mtu akae. Maandishi madogo pembeni yalisema Sissinghurst, Kent. Maandishi makubwa juu yalisema Julai. Hayo makubwa sikuyasoma. Nikaenda Aprili.

Ilikuwa machipuo yangu ya pili Uingereza na bado majira yao yalikuwa yananichanganya, kwa sehemu kwa sababu ya lugha yetu. Kiangazi kwetu ni jua kali na nyasi kukauka; kiangazi chao ndipo nchi inapokuwa kijani kuliko wakati wowote. Wengine huita msimu wao wa majani kuanguka vuli, lakini mimi nikisikia vuli nasikia mvua. Kwa hiyo nimezoea kusema machipuo na mapukutiko, maneno yanayotaja kile hasa mti unachofanya.

Basi, Aprili. Treni kutoka London hadi Staplehurst huchukua kama saa moja. Kutoka hapo nilipanda basi mpaka kijijini, nikamalizia kwa miguu kupitia mashambani. Viatu vyangu vilikuwa vya mjini, vyeupe. Udongo wa eneo lile, wanaloliita Weald, ni mfinyanzi mzito, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilifika langoni kila mguu umebeba kilo yake ya tope.

Nikaenda moja kwa moja Bustani Nyeupe kulitafuta waridi langu. Nilikuta fremu ya chuma, na juu yake matawi ya kahawia yenye miiba na vijani vidogo ndiyo kwanza vinatoka. Chini, tulipu nyeupe chache, majani ya kijivujivu, na udongo mwingi. Nilisimama pale nikijiona mjinga. Kisha, kwa kuwa nilikwisha lipa kiingilio, nikaamua kutembea kila pembe.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa. Sissinghurst si bustani moja. Ni kama kumi hivi, kila moja imezungushiwa ukuta wa matofali mekundu au ua mnene wa miti iliyokatwa ikanyooka kama ukuta. Unapita mlango, unakuta chumba cha rangi moja; unapita mwingine, rangi nyingine. Kiswahili kinalimaliza jambo hili kwa neno moja. Ua la kunusa, wingi maua. Ua wa kuzungushia, wingi nyua. Bustani ile ni maua ndani ya nyua, na kazi iligawanywa hivyohivyo. Mshairi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson, aliyekuwa mwanadiplomasia, waliinunua mwaka 1930 ikiwa magofu na takataka. Bwana alichora mistari, akapanga nyua. Bibi akajaza maua, na akapenda yajae kupita kiasi, yamwagike juu ya mistari ya mumewe.

Siku ile ya Aprili mahali palipokuwa katika ubora wake ni pale nisipopafuata. Kuna njia ndefu iliyonyooka inayoitwa Lime Walk. Nilipoona jina hilo kwenye ramani nikasema, hee, ndimu katika baridi hii? Hakuna ndimu. Huo ni mti mwingine kabisa wa Ulaya wenye jina hilohilo, na matawi yake wameyafunga pande zote mbili yakashikana mikono. Chini yake palikuwa na tulipu, dafodili na vimaua vya buluu ambavyo sikujua majina yake, vimepangwa kama zulia. Hiyo ilikuwa bustani ya Harold mwenyewe, na ni ya machipuo tu; Juni haina la kusema. Jirani yake kuna kichaka cha miti ya heizeli, ile inayozaa njugu za kuwekwa kwenye chokoleti. Kichaka hicho kilikuwepo kabla yao.

Kabla ya kuondoka nilipanda mnara. Ngazi 78, za kuzunguka, na kwenye ngazi ya hamsini unaanza kuwaza umri wako. Mnara ni wa karne ya 16, sehemu ya jumba kubwa lililokuwa hapo. Malkia Elizabeth wa Kwanza alifika kwenye jumba lile mwaka 1573. Baadaye mambo yaligeuka: katika Vita vya Miaka Saba, 1756 hadi 1763, jumba lilikuwa gereza la mabaharia wa Kifaransa, nao wakaliharibu vibaya. Juu kabisa unaona nyua zote kwa mpigo, mitufaha, mashamba, na zile nyumba zenye mapaa ya pia zilizokuwa za kukaushia hopsi, mmea unaotiwa kwenye bia. Nilipiga picha moja kutoka kila upande. Sikujua kwamba picha hizo nne ndizo zingekuwa msingi wa mwaka mzima.

Kwenye treni ya kurudi nilifanya hesabu. National Trust, taasisi inayoitunza bustani hiyo tangu 1967, ina uanachama wa mwaka, na mwanachama haulizwi kiingilio. Kama nitarudi mara kadhaa, kadi inajilipa. Zamani ilikuwa rahisi zaidi: walipoanza kuwafungulia watu mwaka 1938, mgeni alitoa shilingi moja. Ndiyo, shilingi, Waingereza walikuwa nayo mpaka 1971. Vita aliwaita wageni wake kwa jina la utani lililotokana na sarafu hiyo. Nikanunua kadi, nikanunua buti za mpira, nikanunua daftari dogo.

Mara ya pili nilikwenda katikati ya Juni, nikiwa na uhakika. Waridi ni Juni, kila mtu aliniambia hivyo. Na kweli, bustani ya waridi ilikuwa imelewa. Kuna waridi za kizamani zinazochanua mara moja tu kwa mwaka, nyingine rangi ya zambarau iliyoiva mpaka inakaribia weusi, na zinachanua kana kwamba zimeambiwa hazitapata nafasi nyingine. Harufu unaipata kabla hujaingia mlangoni. Watu walikuwa wengi, mpaka vichochoro vya matofali vikawa na foleni. Nikasukumana kwa adabu mpaka Bustani Nyeupe.

Tumba. Matumba mamia kwa mamia, ya kijani, yamefumba.

Nilicheka peke yangu. Karibu yangu mtunza bustani mmoja alikuwa amepiga magoti akiondoa maua yaliyonyauka, nami nikamuuliza. Akanieleza bila haraka: hilo ni waridi mwitu la kutambaa, linaitwa Rosa mulliganii, huchelewa kuliko mengine. Njoo mwanzoni mwa Julai. Lakini usikawie, maana likianza halikai. Mwaka ukiwa na joto linatangulia, ukiwa na baridi linangoja. Nikaandika kwenye daftari. Swali hilo moja lilinifaa kuliko saa zangu zote za kutafuta picha. Tangu hapo kila nikifika hutafuta kwanza mtu mwenye magoti machafu.

Tarehe 6 Julai niliomba ruhusa kazini. Nilichagua siku ya katikati ya wiki na nikaingia alasiri, wengi wakiwa wanatoka. Sitaeleza sana. Lilikuwa limechanua lote. Nyuki walikuwa wengi mpaka kibanda chenyewe kilikuwa kinavuma. Petali zilianguka mojamoja kwenye matofali, na hakuna aliyezifagia. Jambo ambalo kalenda haikulionyesha ni kwamba weupe ule hauonekani vizuri mchana. Jua la saa nane huufuta. Kadiri mwanga ulivyopungua ndivyo maua yalivyozidi kuonekana, na majani yale ya kijivu, niliyoyadharau Aprili, yakawa yanang'aa pamoja nayo. Vita aliipanda bustani hiyo katika baridi ya 1949 kuingia 1950, akilenga saa za magharibi hasa. Mwezi Julai jua huko linazama saa tatu usiku, na lango hufungwa mapema zaidi, kwa hiyo nilipata robo tu ya alichokusudia. Ilitosha.

Ningeweza kuishia hapo. Nilichotaka nilikwisha kiona. Lakini daftari lilikuwa na kurasa, na kadi ilikuwa na miezi tisa.

Oktoba nilikwenda bila kutarajia chochote, na labda ndiyo safari niliyoifurahia kuliko zote. Zamani, mwisho wa kiangazi, bustani hiyo ilikuwa imekwisha choka. Waliobadilisha hali hiyo ni wanawake wawili, Pamela Schwerdt na Sibylle Kreutzberger, walioongoza kazi pale tangu 1959 hadi 1990. Wao ndio waliotafuta mimea ya kuchanua mpaka wageni wa mwisho wa msimu waondoke. Kwenye kibustani cha mbele ya nyumba ndogo, ambacho ni cha rangi za machweo tu, nyekundu, chungwa na njano, dalia zilikuwa zinawaka asubuhi yenye ukungu. Baadhi ya waridi zilikuwa zimezaa matunda mekundu yenye umbo la vibuyu. Chini ya mitufaha kulikuwa na matunda yaliyooza na nyigu waliolewa. Hapakuwa na foleni popote. Nililisalimu waridi langu: lilikuwa limerusha machipukizi marefu kila upande, kama mtu aliyeamka bila kuchana nywele.

Machipukizi hayo yalinisumbua. Kama linakua ovyo hivyo, kibanda kile cha kwenye kalenda kinatoka wapi?

Jibu nililipata Januari, nikiwa na shangazi. Alikuwa amekuja kunitembelea, na nilipomwambia tunakwenda kuona bustani alivaa makoti mawili akanifuata kimyakimya. Kimya kile kiliisha tulipoingia.

“Mwanangu,” akasema, “umenitoa kitandani kuja kuona miiba?”

“Subiri kidogo, shangazi.”

“Nasubiri. Ila miguu yangu haisubiri.”

Kwenye bustani ya waridi watunza bustani wawili walikuwa kazini. Walikuwa wamechomeka ardhini fito mbichi za heizeli, kila ufito umepindwa kuwa upinde, ncha zote mbili udongoni. Wakachukua kichaka cha waridi kilichopogolewa, wakalishika tawi moja, wakalipinda taratibu mpaka likalala juu ya upinde, wakalifunga kwa uzi. Tawi la pili, upinde mwingine. Kichaka kikawa kama buibui. Njia hiyo aliileta Jack Vass, aliyekuja kuwa mkuu wa watunza bustani pale mwaka 1939, na hawajaiacha. Sababu yake ni rahisi ukishaambiwa: tawi likisimama wima, chipukizi la nchani huwanyima wenzake wa chini nafasi, na unapata ua moja huko juu. Ukililaza, ncha inapoteza ubabe, na kila jicho kwenye tawi linachipua. Ule ulevi wote niliouona Juni ulifungwa kwa uzi Januari, na watu wenye vidole vyekundu kwa baridi.

Shangazi alisogea karibu na kamba. Amesuka nywele za watu tangu akiwa msichana, na niliona macho yake yanafuata mikono, si mimea.

“Huyu wa kushoto anakaza sana,” alininong'oneza. “Litakatika.”

Lilikatika. Si lote, kipande. Mtunza bustani akacheka, akalikata vizuri, akachukua lingine. Shangazi akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu wa fani. Mimi ndiye niliyeanza kulalamika baridi. Yeye alikaa pale dakika arobaini.

Hatukuwa na muda mwingi. Saa kumi na nusu jioni Januari ni giza. Nikamwomba tupande mnara angalau, naye akapanda ngazi zote 78 akipumzika mara tatu na kulaumu waliojenga. Juu nilitoa simu nikafungua picha za Aprili, za Juni na za Oktoba, nikazilinganisha na kilichokuwa mbele yetu. Maua yote yalikuwa yameondoka. Nyua zilibaki peke yake, mistari ya Harold imelala wazi kama ramani, kuta, njia, duara la miti iliyokatwa. Ningeupanda mnara kwanza katika baridi, nisingepotea mara mbili Juni.

“Na kile cha chuma pale katikati ni cha nini?” shangazi akauliza, akionyesha Bustani Nyeupe.

Nikamwonyesha picha ya Julai. Aliichukua simu, akaikuza kwa vidole, akaitazama mpaka kioo kikazima.

“Hili nalo wamelisuka?”

“Wamelisuka.”

“Tarehe ngapi hii?”

Nikafungua daftari. Tarehe 6.

“Niandike hapo,” akasema, na akaanza kushuka.