Jozi 32

Jioni ya tarehe 30 Septemba 2021 nilikaa kwenye Mac yangu, kuukuu lakini nzima, nipakie mswada kwenye tovuti ninakohifadhi kazi zangu. Kivinjari kikaniletea pembetatu nyekundu na maneno "Muunganisho wako si wa faragha". Chini yake: NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, yaani tarehe ya cheti, hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa tovuti ndiyo yenyewe, haikubaliki.

Nilishuku saa ya kompyuta. Ilikuwa sahihi. Nikajaribu tovuti nyingine, ikafunguka. Ya tatu ikagoma.

"Dada, bonyeza tu uendelee," mdogo wangu akaniambia. "Si tovuti yako ya kila siku?"

Mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya. Lakini ukurasa ule ungeniomba nywila, na kama kungekuwa na mtu aliyejipenyeza njiani na cheti kilichopitwa na wakati, ningeona onyo lile lile. Ningejuaje? Nikauondoa mkono.

Nikafungua cheti chenyewe. Cha tovuti kilikuwa hai, tena kwa wiki nyingi mbele. Kilichokwisha muda ni kile cha juu kabisa, cheti cha mzizi, ambacho vyeti vya chini yake hukitegemea ili viaminiwe, kiitwacho DST Root CA X3, kilichotolewa tarehe kama ile mwaka 2000. Kilikuwa kimefikia kikomo mchana ule, saa 8 na dakika 1 kwa saa za Greenwich. Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, walishakuwa na mzizi wao mpya, ISRG Root X1, ila mfumo endeshi wangu wa mwaka 2015 haukuujua, na kivinjari changu kilitegemea orodha ya mfumo ya mizizi inayoaminiwa. Kwenye kompyuta ya mdogo wangu Firefox ilifungua kila kitu. Firefox huja na orodha yake yenyewe ya mizizi.

Tukapakua faili la mzizi mpya kwenye kompyuta yake, tukalihamisha kwa flashi. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Ukiuamini mzizi wa uongo, mwenye nao anaweza kujifanya tovuti yoyote, hata benki yako, na kufuli litaonekana kama kawaida. Nikamwomba mdogo wangu atafute mzizi huo ndani ya orodha ya Firefox, anisomee alama yake ya SHA-256, mfuatano wa jozi za tarakimu na herufi unaoutambulisha kama alama ya kidole, nami nifuatishe kwenye faili.

"Tisa sita. B, C. E, C. Sifuri sita..."

Jozi 32. Katikati tulipotezana, nikamwomba aanze upya. Alianza bila kunung'unika, na nilimpenda sana dakika ile. Jozi ya mwisho ilipolingana, C na 6, nikaliingiza faili kwenye Keychain, hifadhi ya Mac ya nywila na vyeti, nikauwekea mzizi alama ya kuaminiwa, nikafunga kivinjari na kukifungua tena.

Kufuli likatokea. Nikaandika nywila.

"Huu nao unaisha lini?" akauliza.

Nikarudi kwenye cheti, nikamsomea: tarehe 4 Juni 2035.