Nilivyochagua pedi za ngoma za kupigia jukwaani na laptopu

Nimekulia Busia, upande wa Uganda, na sasa napiga ngoma na bendi moja Kampala. Wenzangu wawili wametoka Kongo, kwa hiyo mazoezini tunaongea Kiswahili. Kazi zetu nyingi ni harusi na kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa wazazi, huko Mukono, Wakiso, mara nyingine Entebbe. Kwanjula bila bakisimba, mchezo wa ngoma wa Baganda, haiendi, na bakisimba inataka ngoma nne: embuutu, empuunyi, namunjoloba na engalabi, ile ndefu.

Engalabi yangu imewambwa ngozi ya kenge. Ikikaza, mlio wake unapasua hewa. Mvua ikinyesha ngozi inalegea, na dawa yake ni jua au moto. Mwenye boma aliyetandika mazulia mpaka getini hawezi kukuruhusu uwashe moto karibu na hema lake. Halafu kuna maikrofoni: ukiziweka nne kwenye ngoma, spika zikiwa karibu, ni miluzi tangu mwanzo. Ndiyo maana niliamua kuzirekodi ngoma zangu mwenyewe zikiwa zimekaza vizuri, nizitie kwenye laptopu, nizipige kwa pedi, yaani vibao vya raba vinavyoiambia kompyuta nimepiga wapi na kwa nguvu gani. Engalabi peke yake niliirekodi mapigo matatu, la katikati, la ukingoni na la kuzima kwa kiganja, na kila pigo kwa nguvu nne tofauti.

Hapo nikakosea. Nilinunua pedi kubwa za kupigwa kwa vijiti kwa sababu muuzaji alinionyesha kwamba zina mamia ya sauti ndani. Sikujiuliza sauti hizo nitazifanyia nini. Mlio wote ulikuwa utoke kwenye laptopu, kwa hiyo kazi ya pedi ilikuwa moja: kusikia mkono wangu na kupeleka habari. Na mkono wangu hazikuusikia. Pigo la kijiti lilipita, ila vidole vikigusa taratibu, yale mapigo madogo yanayojaza katikati ya mdundo, kimya. Nikashusha kizingiti, yaani kiwango cha chini ambacho pedi inaanza kukubali pigo. Ikawa balaa lingine: nikipiga pedi moja, ya jirani inalia. Siku moja besi ilipokolea, spika ikatikisa stendi na embuutu ikaanza kujipiga yenyewe. Mzee wetu wa gitaa alisimamisha wimbo akaniuliza, "Mwanangu, ni nani anapiga?"

Baadaye nikaelewa sababu. Pedi nyingi za vijiti zina kihisio kinachosikia mtikisiko. Kijiti kinatikisa, lakini na spika inatikisa, na stendi inatikisa. Pedi ndogo za raba za kupigwa kwa vidole kwa kawaida zinapima mgandamizo. Spika haiwezi kuigandamiza pedi kama kidole. Kwa mtu aliyejifunza engalabi kwa mikono mitupu, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Anayetoka kwenye drams za vijiti nitamwambia kinyume chake: achukue pedi kubwa, kwa mfano Roland SPD-SX yenye pedi 9, kwa sababu kijiti kwenye raba ndogo ya vidole hakina nafasi na kitaiharibu.

Niliuza zile kubwa kwa hasara, na safari hii nikaenda dukani na laptopu yangu na hedifoni. Pigo la MIDI, yaani lugha ambayo ala na kompyuta hutumia kupelekeana ujumbe, linakuja na namba ya nguvu, 1 mpaka 127. Nilipiga kila pedi kwa kidole kimoja, taratibu, mara ishirini, nikitazama namba kwenye skrini. Kifaa kimoja kilinipa 30, kisha 75, kisha kimya, kwa mguso uleule. Nikakirudisha kwenye boksi. Nikajaribu pia pedi za pembeni, kwa kuwa za katikati huwa nzuri karibu kila mahali na za pembeni ndizo zinazodanganya. Nilichochukua ni Akai MPD218 iliyotumika, pedi 16, vitufe 6 vya kuzungusha, haina sauti hata moja ndani yake.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni umeme. MPD218 inakula umeme wa laptopu kupitia waya wa USB. Kwenye kwanjula umeme ukikatika, jenereta inachukua dakika mbili tatu. Spika zikirudi, laptopu na pedi ziko macho zinasubiri, maana zimekaa kwenye betri muda wote. Zile za awali zilikuwa na adapta yake, zikizimika ni kuwasha upya na kutafuta mpangilio wangu huku bibi harusi amesimama na watu wanamngoja. Na waya wake ni ule mnene wa printa. Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, sijawahi kuukosa. Natembea na wa akiba, na wa kwanza naubandika kwa utepe wa gundi kwenye meza ili mchezaji asiukanyage. Nachomeka moja kwa moja kwenye laptopu, bila kigawanyio cha USB.

Kuchelewa kwa sauti kulinisumbua kuliko pedi zenyewe. Mwanzoni kidole kilikuwa kinatangulia, mlio unafuata, na kwa mpiga ngoma hilo halivumiliki. Kosa halikuwa la pedi. Ujumbe wa pigo moja wa MIDI, hata kwa waya wa zamani wa mwaka 1983, unachukua kama milisekunde 1. Kinachokula muda ni bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta inalikusanya kabla ya kulitoa. Kwa sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 512 ni karibu milisekunde 12, ya 128 ni karibu 3, na juu yake kuna muda wa kadi ya sauti yenyewe. Nilianza na draiva ya ASIO4ALL, programu ya Windows ya kupunguza kuchelewa huko, hali ikawa nafuu, kisha nikanunua kadi ndogo ya sauti ya nje na kushusha bafa mpaka 128. Nikijaribu 64 laptopu yangu inakwaruza, kwa hiyo niliacha hapo. Sauti hewani husafiri mita 3.4 hivi kwa milisekunde 10. Mpiga besi aliyesimama mita nne kutoka kwenye spika yangu tayari ananisikia kwa kuchelewa kiasi hicho, na anapiga vizuri tu.

Kabla ya kupanda jukwaani nazima wi-fi na masasisho, na laptopu naiweka kivulini juu ya kitambaa kikavu, mbali na jua la saa nane linalopenya pembeni mwa hema.

Kuna kitu nilipoteza, na ninakihisi kila wiki. Kiganja kizima hakienei kwenye pedi hizi, kwa hiyo nimelazimika kujifunza kupiga kwa vidole vitatu, na ilinichukua miezi mpaka mkono wa kushoto ukatii. Pigo la kuzima nimeliweka kwenye pedi yake, kando ya pigo la wazi, nikaziunganisha kundi moja ili pigo la kuzima likiingia, la wazi linalolia linyamaze. Namunjoloba, ambayo kiasili hupigwa kwa vijiti, nimeiweka safu ya juu, empuunyi chini kushoto ambako kidole gumba kinafika chenyewe.

Engalabi bado naibeba. Kukiwa na jua, wageni wakiwa wanaingia, naipiga yenyewe bila maikrofoni. Mawingu yakikusanyika naisimamisha nyuma ya spika na kurudi kwenye pedi. Sasa fundi wangu anaiwamba ngozi mpya, na ikikauka nitairekodi tena, safari hii kwa nguvu sita badala ya nne, kwa sababu kati ya nguvu ya pili na ya tatu bado nasikia sauti ikiruka kama ngazi.