Nilivyoishika nafasi ya kwanza kwenye Excitebike

Kwenye kibanda cha gemu pale Kirumba, Mwanza, wengi waligombania gemu za kupigana na za mpira. Mimi nilikuwa mtu wa pikipiki. Hela ya kuchezea niliipata Mwaloni, soko la samaki, kwa kuwabebea watu dagaa, na kibandani ulilipia kila gemu, kwa hiyo ukitolewa mapema hela imeliwa.

Excitebike ni gemu ya mbio za pikipiki ya Nintendo ya mwaka 1984, iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto, yuleyule wa Mario. Sisi tuliicheza kwenye mashine ya kuigiza ile ya Nintendo, kaseti moja gemu kibao, nusu yake zinajirudia kwa majina mengine.

Kila kitu kwenye gemu hii ni joto. Kitufe A ni mafuta ya kawaida, B ni turbo. Ukikaza B, geji iliyo chini ya kioo inapanda, na ikijaa pikipiki imechemsha: jamaa anasimama pembeni kusubiri ipoe, wenzake wanapita. "Ng'wanawane, unaunguza injini!" (yaani mwanangu, kwa Kisukuma) mzee mwenye kibanda alikuwa akipiga kelele, kana kwamba ni pikipiki yake. Basi nikawa nakaza B mpaka geji ikaribie kujaa, nahamia A, inashuka kidogo, narudi B. Halafu barabarani imechorwa mishale. Ukipita juu yake joto linashuka papo hapo. Njia ni nne, kwa hiyo nilikariri kila mshale uko njia ipi, na kabla ya kuufikia naichoma turbo bila huruma.

Kazi kubwa ilikuwa kuruka. Hewani anayeendesha ni kidole gumba cha kushoto: bonyeza kushoto, tairi la mbele linanyanyuka, kulia, linashuka. Kwenye tuta refu nilipaa nikiwa nimenyanyua la mbele ili niende mbali, kisha nikaanza kuishusha taratibu, maana pikipiki lazima ilale kama ardhi inapotua. Ukitua kwenye mteremko, pua iangalie chini. Tambarare, tairi zote zigonge pamoja. Ukikosea kidogo tu, unabiringika.

Wapinzani nao wana dawa yao. Tairi lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, unaanguka wewe. Lako la nyuma likigusa la mbele lake, anaanguka yeye. Nikawa nampita mtu, kisha namkatia njia palepale. (Bodaboda wa Mwanza, hii msijaribu.)

Nilipoanza kumaliza wa kwanza, nikahamia sehemu ya kujitengenezea barabara, ambayo kwangu ni tamu kuliko mashindano yenyewe. Nilipanga matuta makubwa tupu, yamefuatana. Kuyahifadhi ndiyo haikuwezekana: kule Japani kulikuwa na kinasa maalumu cha kanda kwa kazi hiyo, sisi hatukuwa nacho. Umeme ukikatika, unajenga upya.